Kijana wa Khuwair, Anza na Meza Kabla ya Jukwaa

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki na vijana wa Khuwair ya Kusini, hapa Muscat, ni lile lile: ninunue maiki gani? Huniuliza baada ya isha, gari tumeliegesha mbele ya mgahawa, chai ya karak mkononi, na muulizaji tayari ana mistari ya albamu nzima kichwani na jina la kisanii ameshalichagua. Namjibu kwamba maiki ni jambo la mwisho. Hanielewi, na simlaumu, kwani nilipokuwa na umri wake hata mimi nisingeelewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tukirekodi katika chumba cha nyuma cha fleti ya kaka yake, upande huu huu wa Barabara ya Sultan Qaboos. Biti niliitengeneza mimi, ubeti wa kwanza wangu, wa pili wake, kiitikio tukakitunga pamoja kwa usiku mmoja. Ngoma ilipendwa. Ilipigwa harusini, ikasambaa kwenye simu, ikafika Unguja kabla yetu. Mwaka haukwisha nikaisikia nyuma ya tangazo la biashara. Nilipokwenda kuuliza nikaonyeshwa mkataba: mtu wa tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kutuwekea sauti sawa tu, ndiye aliyeiuza, na amejiandika kuwa mtunzi. Mimi sikuwa na karatasi yoyote. Sikuwa hata na faili za wimbo, maana diski niliyozihifadhia ilikufa kiangazi kile kile. Kibaya zaidi, rafiki yangu alidhani nimekula hela nikamficha, nami nikadhani yeye ndiye aliyekula. Hatukusemezana tena.

Ndiyo maana ushauri wangu hauanzii jukwaani. Mtu anayechana na pia kutengeneza midundo ana kazi mbili mkononi. Ya kwanza inampa jina. Ya pili ndiyo itakayomlisha akiwa na miaka arobaini, na ndiyo ambayo vijana wetu wanaiona kama kibarua cha kupitisha muda mpaka umaarufu ufike. Nasema igeuze: ijenge ile ya meza ya mtayarishaji kwanza.

Tazama historia ya kwetu. Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza, Dar es Salaam, kwa kuchana kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Mmarekani Vanilla Ice. Lilikuwa jambo kubwa, watu walisikia kwamba Kiswahili kinaingia kwenye rap bila kulazimishwa. Lakini mdundo ulikuwa wa kuazima. Muziki ule ulipata nyumba yake pale walipotokea watu wa kukaa nyuma ya meza: Paul Matthysse, tunayemjua kwa jina la P-Funk Majani, na Bongo Records yake, Joachim Kimario, yaani Master Jay, na MJ Records. Albamu ya Professor Jay ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, watu wanaikumbuka kwa mashairi, na wana haki. Isikilize tena leo, lakini safari hii mfuatilie Majani. Sikia mdundo unavyompisha mwenye maneno.

Kisha tazama walikoishia wachanaji wetu. Sugu aliingia Bungeni mwaka 2010 kuiwakilisha Mbeya Mjini. Professor Jay akamfuata mwaka 2015, jimbo la Mikumi. MwanaFA aliingia mwaka 2020 kwa Muheza. Ni heshima kubwa kwa sanaa yetu, na sisemi neno baya juu yake, ila inaonyesha kwamba maiki huwafungulia wengi mlango wa kwenda kufanya kazi nyingine. Waliobaki wakiishi kwa muziki wenyewe, muongo baada ya muongo, wengi wao ni wa mezani. Na wapo waliovaa kofia zote mbili bila moja kuivua nyingine: Nahreel ni nusu ya Navy Kenzo pamoja na Aika, anaimba na kupanda jukwaani, na ni yeye huyo huyo aliyeipika Nana ya Diamond Platnumz mwaka 2015. Alisoma mambo ya kompyuta India. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu wengi wenu mnasoma teknolojia hapa hapa mtaani na mnadhani chuo kinawachelewesha. Hakiwachelewesheni.

Sasa chumba. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ngoma nyingi za Khuwair zinapoharibikia.

Fleti zetu ni saruji, vigae sakafuni, kuta nyeupe tupu na dirisha kubwa. Simama katikati ya chumba chako upige kofi moja. Utasikia mlio unarudi kama wa bati. Mlio huo utaingia kwenye maiki pamoja na sauti yako, na hakuna programu itakayoutoa bila kuiumiza sauti yenyewe. Maiki ya bei kubwa ndiyo itakayoudaka vizuri zaidi. Dawa yake imo nyumbani tayari. Fungua kabati la nguo, lipe mgongo, kanzu na mabaibui yawe nyuma yako, na maiki ikuelekee wewe na kabati. Tandika zulia chini. Simamisha godoro ubavuni, tundika blangeti kwenye dirisha. Piga kofi tena. Ukisikia limekufa, umeshapata studio.

Halafu kiyoyozi. Juni na Julai joto la Muscat hupita nyuzi 40 mchana, na usiku halina haraka ya kushuka. Huwezi kurekodi kiyoyozi kikinguruma, na huwezi kuchana dakika ishirini kikiwa kimezimwa. Basi poozesha chumba saa nzima, zima, rekodi ubeti mmoja, washa tena upumzike. Jifunze kufanya kazi kwa vipande vya dakika nne. Hata baadaye, ukiingia studio ya watu yenye kila kitu, utaona wenzako wanahangaika saa nzima kwa kitu ambacho wewe unakimaliza kwa mara mbili. Mngurumo mdogo unaobaki, wa viyoyozi vya majirani, unakaa chini kabisa. Kata kila kilicho chini ya hezi 80 kwenye sauti ya mchanaji na hutakosa ubora wowote. Rekodi kwa biti 24, na usiruhusu taa nyekundu iwake hata mara moja. Sauti ndogo unaweza kuikuza. Iliyopasuka imepasuka. Na panga ratiba yako kwa adhana: ikilia unaacha kila kitu, na kazi inaendelea baadaye.

Besi ndiyo mwongo mkubwa. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na chumba chako huenda hakifiki mita 4. Wimbi linagonga kuta, linarudi na kukutana na lenyewe, kwa hiyo huenda ukikaa kitini ukasikia besi nyingi mno, na ukisogea mahali pengine ukasikia haipo. Usiamini kiti chako. Sikiliza kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu, kisha shuka uingie garini, uendeshe mpaka Ghubra na kurudi. Watu wa mji huu wanasikilizia muziki barabarani kuliko mahali pengine popote. Ngoma ikikubali ndani ya gari, imekubali Muscat.

Kuhusu vifaa nitapita haraka. Kompyuta mpakato uliyonayo, kadi ya sauti ya kawaida yenye tundu mbili, maiki moja ya kati, hedifoni zinazofunika sikio lote. Rial 120 hadi 150 zinatosha kwa hivyo vitatu vya mwisho, na kama unaweza kupata vilivyotumika kwa mtu anayehama, bora zaidi. Usinunue spika kubwa mwaka wa kwanza. Jambo moja tu nalisisitiza kwa sababu limeniuma: kila faili iwe na nakala tatu, mbili zikae kwenye vifaa tofauti nyumbani na moja nje ya nyumba, mtandaoni au kwa dada yako. Na usiache diski ndani ya gari. Gari lililoegeshwa juani Agosti ni tanuri.

Masikio hayanunuliwi, yanafunzwa. Chukua ngoma tatu unazozipenda na uzitengeneze upya kutoka mwanzo, kwa kusikiliza tu, ngoma kwa ngoma, mpaka zifanane. Usimwonyeshe mtu na usiziachie. Utajifunza kwa miezi miwili kile ambacho video za mtandaoni hazitakufundisha kwa mwaka. Jifunze pia hesabu ya kazi yako: ubeti wa baa kumi na sita katika mwendo wa mapigo 90 kwa dakika unachukua kama sekunde 43. Mchanaji akikwambia anataka kusimulia maisha yake yote katika ubeti mmoja, unajua ana sekunde 43, na unamsaidia kuchagua.

Kuna jambo la lugha ambalo mtayarishaji wa Kiswahili lazima alijue, na sijaona likifundishwa. Maneno yetu huishia kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo vina vya mwisho tunavipata bure: kupendana, kushikana, kuachana, kutafutana, utaandika mpaka asubuhi. Ndiyo maana ubeti wa mchanaji mvivu unachosha upesi. Washairi wetu walilijua hilo karne nyingi kabla ya rap, wakaweka vina vya kati pamoja na vya mwisho ili sikio lisilale. Ukiwa mezani, unaweza kumsaidia mchanaji wako: ile ngoma kavu inayopiga pigo la pili na la nne, ipe ile silabi yenye mkazo, siyo ile ya mwisho. Mwambie asogeze neno nusu pigo. Ghafla mstari uliokuwa unaanguka unasimama. Ukiweza kulifanya hilo, watakuja kwako kutoka Dar na Mombasa, maana wanaojua mashine ni wengi, wanaosikia Kiswahili ni wachache.

Nije kwenye sampo, yaani kukata kipande cha rekodi ya mtu mwingine, ambayo inawavuta sana vijana wenye asili ya Unguja. Nyumbani mna kaseti za taarabu za bibi, na mnaona dhahabu. Ni dhahabu kweli. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Lakini kipande cha fidla ulichokikata kina mwenyewe, na kina warithi. Huko New York mahakama iliamua jambo hili tangu mwaka 1991, pale rapa Biz Markie alipotumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu siku hiyo sampo bila idhini imekuwa deni linalosubiri ngoma ikubalike ndipo lidaiwe. Njia safi ni kumwita mpigaji. Unguja kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, tangu mwaka 2002, na wamehitimu humo wapigaji wa udi, ganuni na fidla ambao watakurekodia mistari minne kwa malipo ya halali na kukutumia kwa simu. Mlipe, aandike kwamba amelipwa na kwamba sauti ni yako kuitumia, na hiyo fidla hanayo mwingine duniani.

Na usiangalie ng'ambo tu. Oman yenyewe ina leiwa, ngoma iliyovuka bahari kutoka kwetu Afrika, na ndani ya nyimbo zake bado mnasikika maneno ya Kiswahili. Ngoma yake ndefu inaitwa msondo, jina lile lile mnalolijua wengine kutoka kwa babu zenu. Hii nchi imekuwa na kituo cha kuhifadhi muziki wa jadi tangu mwaka 1983. Kijana wa Khuwair anayetafuta mdundo ambao Dar haina na Nairobi haina, anao umbali wa mwendo wa gari, Batina au Sur. Nenda kwa adabu, salimia wazee, omba, kaa nao kabla hujatoa kinasa sauti. Nimekuwa nikisubiri kwa miaka mtu aiweke msondo chini ya mistari ya Kiswahili na kuifanya vizuri.

Sasa karatasi. Kila wimbo una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki, na kuna rekodi yenyewe, ile mnayoiita masta. Zinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na fedha zake hupita njia tofauti. Kwenye hip hop desturi iliyozoeleka ni kwamba aliyetengeneza mdundo anachukua nusu ya utunzi, na walioandika maneno wanagawana nusu nyingine. Si amri. Mnaweza kukubaliana vingine, muhimu ni kwamba mkubaliane siku ile ile ya kurekodi, kabla ya mtu yeyote kujua kama wimbo utapendwa. Siku ile kila mmoja ni mkarimu. Baada ya wimbo kukubalika kila mmoja anakumbuka kwamba yeye ndiye aliyetoa wazo.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Andikeni jina la wimbo na tarehe. Andikeni majina yenu kamili kama yalivyo kwenye bataka, yaani kitambulisho, au pasi, siyo majina ya kisanii. Andikeni: utunzi, fulani asilimia 50, fulani 25, fulani 25, masta ni ya nani, aliyesaidia kusawazisha sauti amelipwa rial ngapi na hana sehemu. Kila mtu atie sahihi, kila mtu apige picha, kila mtu aitunze. Dakika kumi. Sentensi ile ya mwisho, kuhusu aliyesawazisha sauti, ingeniokolea mimi rafiki.

Ukimpa mtu biti yako, mwambie waziwazi kama unamkodisha au unamuuzia. Kumkodisha maana yake anaitumia kwa wimbo mmoja na wewe bado unaweza kumpa mwingine. Kumuuzia ni kwamba huiuzi tena kwa mtu yeyote, basi bei iwe ya kuuza. Na hata ukiuza, usiuze jina lako kwenye utunzi. Omba ubaki na asilimia zako. Ukikataliwa, jua kwamba unauza na pato la miaka ijayo pia, na uitaje bei ukilijua hilo.

Sheria zipo upande wako. Oman ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Amri ya Sultani namba 65 ya mwaka 2008, na haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 70 baada ya kufa. Tanzania inadumu maisha na miaka 50. Haki inazaliwa pale unaporekodi, lakini ni lazima uweze kuonyesha kwamba ulirekodi wewe, kwa hiyo tunza faili za mradi zenye tarehe. Ukiwa na uraia au makazi Afrika Mashariki jisajili na wahusika wa hakimiliki wa huko: COSOTA kwa Bara, COSOZA kwa Zanzibar, na kwa Kenya chama chenye leseni wakati huo. Hakikisha pia kila rekodi inapata namba yake ya utambulisho, ISRC, kutoka kwa msambazaji unayemtumia, na uiandike kwenye ile karatasi yenu.

Kuna wanaosema kushitaki ni ndoto. AY na MwanaFA walikwenda mahakamani mwaka 2012 kwa sababu kampuni ya simu ilikuwa ikitumia nyimbo zao kama miito bila ridhaa yao, na Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kesi ilikwenda rufaa na kuchukua miaka mingine. Hawa ni watu waliokuwa na majina makubwa, mwanasheria na subira, na zaidi ya hayo walikuwa na uthibitisho wa utunzi wao. Ungekuwa nacho nini wewe, leo, ukiitwa mbele ya hakimu?

Tuongee hela bila kupambana na ukweli. Tuseme kila usikilizaji mtandaoni unakuletea theluthi moja ya senti ya Dola. Watu elfu kumi wakikusikiliza, na huko ni kupendwa kwa mtu anayeanza, umepata kama Dola 33, ambazo ni rial 13 hivi. Gawanya kwa watatu. Kwa hiyo usiache kazi. Mtandao ni wa kujulikana: weka nyimbo kwenye Anghami kwa ajili ya masikio ya Ghuba, Boomplay na Audiomack kwa ajili ya nyumbani, YouTube kwa wote. Pato la mwanzo la mtayarishaji linatoka kwenye kazi ambazo hakuna anayezipigia makofi. Sauti za matangazo kwa Kiswahili na Kiarabu. Kusafisha sauti za mihadhara na vipindi. Kaswida za watoto wa madrasa, ambazo wazazi hulipa kwa furaha na ambazo zitakufundisha kurekodi kwaya kuliko kitu kingine chochote. Harusi. Fanya hizo kwa unadhifu ule ule unaoupa wimbo wako, toa risiti, timiza ahadi ya siku. Nimeona mtayarishaji mzuri sana akikosa kazi mji huu kwa sababu hapokei simu.

Kama hapa uko kwa viza ya kazi, zingatia jambo hili kabla ya lingine lolote: usipokee malipo ya shoo au studio nje ya mwajiri wako bila idhini ya kisheria. Zungumza na kafili wako, uliza Wizara ya Kazi, pata jibu la maandishi. Na shoo yoyote ya hadhara inahitaji kibali. Mwenye ukumbi akikwambia kibali kipo, omba kukiona. Nimemjua kijana aliyeamini neno la mdomo na akaona taabu ambayo mistari yake yote haikuistahili. Kuhusu maneno yenyewe, kumbuka kwamba sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011, Amri namba 12, inagusa unachokirusha kwenye simu pia, siyo jukwaani tu. Bifu la kutukanana ukoo, ambalo mahali pengine ni mchezo, hapa linaweza kuwa kesi. Siamini kwamba hilo linaua sanaa. Kiswahili kina mafumbo ya kutosha kusema lolote kwa heshima.

Kuna na nyumbani. Baadhi yenu wazazi hawataki kabisa kusikia habari ya muziki, na wana sababu zao za dini na za malezi. Usiwafiche. Mzee akigundua kwa watu, umempoteza miaka mitatu. Mwite, mwambie unafanya nini, mpigie ile kaswida uliyoirekodi, mwonyeshe karatasi zako na risiti. Ramadhani funga meza, muziki upumzike, tumia mwezi huo kupanga faili na kusoma mikataba. Na mabinti, ninyi mnaotengeneza midundo kimyakimya vyumbani mwenu na nawajua mpo: rekodini mkiwa na dada au kaka, mlango wazi, na msikubali mtu awaambie kwamba studio ni ya saa nane za usiku. Kazi nzuri inafanyika alasiri vile vile.

Soko lako kubwa liko ng'ambo ya maji, na limekukaribia kuliko unavyodhani. Muscat na Dar zinapishana saa moja tu, kwa hiyo unaweza kukaa mezani na mchanaji wa Temeke wakati mmoja, jioni kwa jioni. Kila Februari, tangu mwaka 2004, Sauti za Busara inafanyika Unguja, na wao wanataka muziki unaopigwa moja kwa moja, hawapokei mtu wa kuchana juu ya wimbo uliorekodiwa. Wengi huona hilo ni kikwazo. Mimi naona ni nafasi ya mtayarishaji kuujua wimbo wake upya kwa mikono ya wapiga ala. Tenga hela ya tiketi moja, nenda ukasikilize tu mwaka wa kwanza, ujulikane kwa sura.

Yule rafiki yangu tulikutana mwaka juzi, mazikoni. Tulipeana mikono, tukaulizana watoto. Wimbo hatukuutaja. Yeye hachani tena, na mimi sijawahi kupata mtu mwingine niliyetunga naye kiitikio kwa usiku mmoja.

Kama kuna mtu uliyerekodi naye mwezi huu na hamjaandikiana kitu, mpigie leo. Mwambie akija aje na bataka yake na kalamu.